Mstari wa 1480: Kusoma Milisekunde za Mtoto Mwenye Kichocho

Mwaka 2002 Matthew Jukes na wenzake, akiwemo Charles Kihamia wa Tanzania, walichapisha matokeo ya vipimo vya akili walivyowafanyia watoto 272 wa shule nchini Tanzania. Watoto waliokuwa na kichocho kikali walizidiwa na wenzao wasioambukizwa katika vipimo viwili vya kumbukumbu ya maneno na viwili vya kasi ya mwitikio.

Ukivuka mto Ruvuma kuingia mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, habari hiyo si ya mbali. Kati ya 2011 na 2015 mradi wa utafiti wa kichocho uitwao SCORE uligawa dawa yake, prazikwanteli, katika vijiji vya mkoa huo na kupima mkojo wa watoto wa miaka 9 hadi 12. Mwanzoni karibu asilimia 60 yao walikuwa na maambukizi. Miaka mitano baadaye walibaki chini kidogo ya asilimia 40. Konokono wanaoeneza kichocho hawaishi kwenye maji ya bahari, lakini mtoto wa Palma au Mocímboa da Praia haishii ufukweni. Anavuka mabonde ya mpunga, anaoga bwawani, anachota maji kwenye madimbwi. Basi tuseme kesho mtu anapeleka kompyuta shuleni huko apime kasi ya mwitikio. Atarudi na faili. Faili hilo linasomwaje?

Kila mstari ni jaribio moja: namba ya mtoto, alama iliyotokea kwenye skrini, kitufe alichobonyeza, amepata au amekosa, na milisekunde alizotumia. Tuchukue mfano wa kubuni, mtoto mmoja na mistari kumi: 310, 325, 298, 340, 317, 1480, 305, 332, 71, 321. Wastani wake ni 410. Sasa tafuta jaribio ambalo mtoto huyu alitumia 410. Halipo, wala halipo linalokaribia. Ukizipanga kwa ukubwa, namba ya kati ni 319, na hiyo ndiyo kasi yake ya kawaida.

Mstari wa 71 ni rahisi kuuhukumu. Jicho, ubongo na kidole haviwezi kukamilisha kazi hiyo kwa milisekunde 71; mtoto alibonyeza kabla ya kuona, kwa kubahatisha. Utoe. Lakini ona kinachofuata: wastani unapanda hadi 448, kwa sababu 71 ilikuwa inaificha 1480 kidogo. Hapo mchambuzi mwenye haraka anaitoa na 1480, wastani unashuka hadi 318.5, jedwali linapendeza, kazi imekwisha.

Hapo ndipo ninapobisha. Kichocho cha mkojo humtoa mtoto damu, na damu ikipungua umakini nao hupungua. Mtoto wa namna hiyo si lazima awe mzito kila mara anapobonyeza. Huenda yuko sawa na wenzake mara tisa, na mara ya kumi akili inampotea sekunde nzima. Anayefuta kila mstari uliozidi milisekunde 1000 huenda anaufuta ugonjwa wenyewe, kisha anaandika kwamba hakuna tofauti. Weka mbele yako mtoto wa pili ambaye mistari yake yote iko kati ya 395 na 425. Wastani wake pia ni 410. Huyu ni mzito wakati wote, yule hupotewa mara moja moja; hayo ni matatizo mawili, na mwalimu hawezi kuyatibu kwa njia moja. Kwa hiyo ripoti ibebe namba ya kati, na kando yake hesabu ya mistari mirefu kwa kila mtoto. Kikomo cha kufuta kiwekwe kabla mchambuzi hajajua nani mgonjwa na nani mzima.

Safu ya makosa nayo isomwe pamoja na muda. Mtoto mwenye kasi ya ajabu anayekosa nusu ya majaribio hajaonyesha kasi yoyote. Ameamua tu kutoangalia.

Frans Donders wa Utrecht alionyesha mwaka 1868 ujanja ambao bado unafaa. Pima kubonyeza tu unapoona alama, kisha pima kuchagua kati ya vitufe viwili, halafu toa cha kwanza kwenye cha pili. Kinachobaki kinakaribia muda wa kuamua. Mtoto aliyechelewa kwa kiasi kilekile katika vyote viwili pengine ana shida ya mkono au ya macho, au hajawahi kugusa kibodi maishani mwake. Ndiyo maana majaribio ya mwanzo huwa ya mazoezi na hayahesabiwi, na maelekezo yatolewe kwa Kimwani, Kimakonde au Kiswahili. Mtoto anayetafsiri Kireno kichwani atachelewa hata kama ana afya tele.

Mashine nayo ina uzito wake. Skrini ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16.7, na kibodi huongeza ucheleweshaji wake. Wote wakipimwa kwa kompyuta moja, uzito huo unawaangukia sawasawa. Kijiji chenye wagonjwa wengi kikipimwa kwa mashine kuukuu na kingine kwa mpya, utakuwa umelinganisha kompyuta.

Tangu Oktoba 2017 pwani ya Cabo Delgado ina jambo jingine. Watoto waliokimbia mapigano, wanaolala vibaya na kushtuka usiku, nao huchelewa kubonyeza, na usingizi mbovu huzaa mistari mirefu kama ile ya 1480. Faili lisilo na safu ya usiku uliopita, wala ya mahali mtoto alikohama, litabebesha kichocho lawama isiyo yake.

Hata matokeo ya Tanzania yalitokana na vipimo vya wakati mmoja tu. Yanasema watoto wenye kichocho kikali walikuwa wazito. Hayasemi kwamba minyoo ndiyo iliyowafanya hivyo, maana nyumba yenye kichocho mara nyingi ndiyo yenye lishe haba. Kutibu na kupima tena kungesaidia, ila mtoto anayekaa mbele ya skrini kwa mara ya pili huwa mwepesi kwa mazoea tu. Lazima vijiji vipokee dawa kwa zamu, na watoto wanaosubiri zamu yao wapimwe siku zilezile.