Kuoa, Kuolewa na Kuozwa: Uhakiki wa Lugha ya Sheria za Shule

Tunapozungumzia maandishi ya taifa letu, aghalabu fikra zetu huenda kwenye mashairi, tamthiliya na riwaya. Ni mara chache tunaikumbuka karatasi ambayo kijana huisoma kwa makini kuliko vitabu vingi: sheria za shule anayokwenda kujiunga nayo. Karatasi hiyo huja pamoja na orodha ya sare, godoro, ndoo na rimu ya karatasi. Mwanafunzi na mzazi wake huisoma, kisha wote wawili hutia sahihi. Maandishi yanayotiiwa kiasi hicho yastahili kuhakikiwa, kwani humfundisha kijana jinsi jumuiya yake inavyoelewa kosa, na ni nani mwenye kosa.

Umbo lake lajulikana. Sentensi ni fupi, na nyingi huanza kwa "ni marufuku" au "mwanafunzi haruhusiwi". Ufupi huo una manufaa: kengele, usafi wa bweni na mahudhurio havihitaji maelezo marefu. Shule ya binafsi hasa, ambayo mzazi huilipia ada, hutaka mzazi huyo aone upesi kwamba pana nidhamu. Kasoro, basi, haimo katika ufupi. Imo katika vitenzi.

Tuchukue kifungu kimoja kilichozoeleka kwa miaka mingi katika orodha za makosa ya kumfukuzisha mwanafunzi, pamoja na wizi, ulevi na kupigana: "kuoa au kuolewa". Kifungu hiki kina mizizi katika kanuni za serikali, kwani kanuni za mwaka 2002 kuhusu kufukuzwa kwa wanafunzi zilitaja ndoa kuwa sababu mojawapo. Kwa sikio la haraka maneno hayo mawili yana mizani sawa: moja la mvulana, jingine la msichana. Lakini sarufi yakataa. "Kuoa" ni kauli ya kutenda. "Kuolewa" ni kauli ya kutendwa. Mvulana anashtakiwa kwa alilotenda, msichana kwa alilotendewa. Hakuna shule iliyoandika kwamba ni kosa kuibiwa.

Uzito wa jambo hili waonekana vizuri mahali kama Nkende, wilayani Tarime, katika nchi ya Wakurya. Huko mahari kwa desturi ni ng'ombe, na makubaliano yake ni ya wazee wa pande mbili. Misimu ya tohara hupangwa na wazee wa mila wa kila ukoo, aghalabu mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 umekuwa kosa la jinai tangu 1998, lakini haujatoweka, na kwa mujibu wa mila msichana aliyekeketwa huhesabiwa kuwa tayari kwa ndoa. Hivyo binti aweza kuondoka shuleni akiwa mwanafunzi mwema, na Januari ikamkuta amekwisha kuvunja sheria ya shule, pasipo yeye mwenyewe kuamua lolote. Huenda baba aliyetia sahihi ndiye aliyepokea ng'ombe. Lakini jina litakaloandikwa katika barua ya kufukuzwa ni la binti.

Yuko atakayesema kwamba kifungu hicho humlinda msichana, kwa kuwa humwezesha kumwambia mzazi wake: nikiolewa nitafukuzwa. Hoja hii ni dhaifu. Baba aliyekwisha kukusudia kumtoa binti shuleni hatishwi na tishio la kumtoa shuleni.

Sheria ya nchi imeanza kujisahihisha. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikamgeukia mtendaji: anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba aweza kufungwa miaka 30. Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwamo waliopata mimba, warudi shuleni. Karatasi za shule hazina budi kufuata.

Wala hatuwezi kuisingizia lugha yetu. Kiswahili kina ngazi zote: oa, olewa, oza, ozwa. Anayesema "kuozwa" amekiri kwamba yupo aliyeoza. Kifungu chaweza kuandikwa hivi: Ni marufuku kwa mtu yeyote kumwoza mwanafunzi wa shule hii, mwanafunzi anayetishiwa kuozwa au kukeketwa amwarifu mwalimu, na shule itamlinda. Hapo mzazi anayetia sahihi ameahidi jambo, na shule nayo imeahidi.

Kazi hii yawafaa walimu wa Kiswahili na wanafunzi wao. Wanapofika kwenye somo la kauli za vitenzi, na wazilete darasani sheria za shule yao, wapigie mstari kila kitenzi, na waulize kwa kila kimoja mtenda ni nani. Yale watakayoyaona wayapeleke kwa mkuu wa shule na kwa bodi, kabla ya karatasi za mwaka unaofuata kupigwa chapa.