Ubavu wa Jino

Chukua gia iliyochongwa kwa oda, ipanguse mafuta, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Achana na duara lake. Tazama ubavu wa jino moja. Haukunyooka, wala si kipande cha duara. Umetuna taratibu kutoka shinani hadi nchani, na ustadi wote wa gia umo katika mtuno huo.

Kuupata ni rahisi. Zungushia uzi kwenye kopo, funga penseli mwishoni, kisha ufungue uzi ukiwa umeukaza. Mstari unaoachwa na penseli ndio ubavu wa jino. Leonhard Euler aliupendekeza katika karne ya 18. Uzuri wake ni kwamba gia mbili zikifungwa mbali kidogo kuliko ilivyopangwa, uwiano wa mwendo haubadiliki. Ni umbo linalomvumilia mfungaji.

Lakini utamu hasa uko kwenye kuzaliwa kwake. Ungedhani kisu kinachochonga mtuno nacho kimetuna. Wapi! Katika mashine ambayo Hermann Pfauter aliipatia hataza Ujerumani mwaka 1897, kisu kinafanana na skrubu nene iliyopasuliwa mifereji, na meno yake yana mbavu zilizonyooka. Kisu kinazunguka, chuma nacho kinazunguka. Kwa kawaida kisu kikimaliza mzunguko mmoja, gia imesogea jino moja. Kila ncha inakwangua kibapa kidogo kilichonyooka, vibapa vinapangana, mtuno unatokea. Hakuna aliyeuchora. Gia imeng'atana na kisu kabla ya kung'atana na mwenzake, na ubavu wake ni alama ya mng'atano huo wa kwanza.

Baada ya hapo ni moto: chuma hulishwa kaboni kwenye nyuzi zaidi ya 900 za Selsiasi, huchovywa kwenye mafuta, hukakamaa na kupinda kidogo. Ndiyo maana gia ya usahihi husagwa tena kwa jiwe, na kosa linalobaki hupimwa kwa mikroni.

Sasa lawama yangu. Mteja analeta gia iliyovunjika, fundi anashika tupa na kunakili jino lililosalia. Jino hilo limelika! Ni sawa na kunakili mswada pamoja na makosa ya mwandishi wake. Hesabu meno kwanza: tuseme 24, ya kunyooka, ya kawaida. Pima kipenyo cha nje: milimita 77.6. Ongeza 2 kwenye 24, ugawe kipenyo kwa 26 hiyo: unapata 2.98. Basi moduli, yaani kipimo cha ukubwa wa jino, ni 3, na gia hiyo ilipokuwa mpya ilikuwa na milimita 78. Ncha zimelika, hesabu haikulika.

Kisichoonekana kwa hesabu hiyo ni mwinamo wa ubavu, nyuzi 20 au zile 14.5 za mashine kuukuu. Kwa hiyo ukienda karakana usibebe gia moja. Beba na mwenzake.