"Uaminifu" au "Uthabiti" wa Habari za Tovuti?

Wafasiri na walimu wanaofundisha namna ya kupima habari zilizomo katika tovuti hupenda kutumia istilahi "uaminifu wa tovuti". Hatuna ugomvi na nia yao. Ugomvi wetu ni na istilahi, kwa kuwa istilahi ikikosea, kipimo nacho hukosea.

Uaminifu ni tabia ya mtu. Mweka hazina asiyeiba ni mwaminifu. Jedwali la mvua halina tabia, bali ni sahihi au si sahihi. Mwanafunzi aliyetumwa kutafuta uaminifu katika tovuti atamtafuta mwandishi mwema, mwenye lugha ya upole na ukurasa uliopangwa vizuri, na akiisha kumpata ataridhika.

Hatari yake yaonekana katika Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo jirani ya Kiingereza. Mnamo Agosti 2020 ilibainika kwamba makala zaidi ya 20,000 za kamusi elezo hiyo zilitungwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha yenyewe. Alichukua makala za Kiingereza, akabadilisha neno moja moja kwa kufuata kamusi, sarufi akaiacha ya Kiingereza. Hakukusudia kumdanganya mtu. Alijitolea kwa miaka mingi, bila malipo, akidhani anaisaidia lugha. Uaminifu ulikuwapo tele. Kilichokosekana ni uthibitisho. Msomaji mgeni aliyetaka kujua kama neno fulani ni la Kiskoti angaliweza kulikuta katika kurasa mia, na shahidi wa kurasa zote hizo akawa mmoja tu.

Jambo hili latuhusu. Wako wafasiri wanaoamua kati ya "kompyuta" na "tarakilishi", au kati ya "tovuti" na "wavuti", kwa kuhesabu kurasa. Kurasa zinazonakiliana, pamoja na zile zilizofasiriwa na mashine, haziongezi ushahidi hata chembe.

Basi tutumie istilahi gani? "Utegemezi", unaopendwa na baadhi ya wafasiri, haufai kabisa: huo ni hali ya mtu kuwategemea wengine, na maana iliyokusudiwa imepinduliwa. "Kuaminika" ni afadhali, ila kuna utata, kwani uongo nao huaminika, tena upesi. Sisi twapendelea "uthabiti". Neno hili ni la ukoo mmoja na "thibitisha", "uthibitisho" na "ithibati", hivyo lenyewe lamsukuma msomaji aulize: nani ameandika, lini, na kwa ushahidi gani? Wapo watakaosema kwamba "uthabiti" tayari wahudumia dhana nyingine, kama vile uthabiti wa bei. Ni kweli, lakini "mzizi" nao watumika katika elimu ya mimea na katika sarufi, wala hatujasikia mwanafunzi aliyechimba sentensi kwa jembe.

Kwa watumishi wa serikali tofauti hii si ya vitabuni tu. Anwani ya tovuti inayoishia kwa ".go.tz" yaonyesha kuwa ni ya ofisi ya serikali ya Tanzania. Haionyeshi kwamba ada iliyotajwa humo ndiyo inayotozwa leo. Hilo huthibitishwa kwa namba ya Tangazo la Serikali na tarehe yake, na mfasiri anayefasiri ukurasa wa namna hiyo hana budi kuvihamisha vyote viwili.