Zana Zilizoijenga Ushahidi, Zikitazamwa Kutoka Manga

Ukimuuliza fundi wa tovuti mjini Kisii anapendelea zana gani, atakutajia WordPress kabla hujamaliza swali. Ataongeza Figma ikiwa ana wateja wanaotaka kuona mchoro kabla ya kutoa pesa, na VS Code ikiwa bado anaandika msimbo kwa mkono wake. Sina ugomvi na orodha hiyo. Lakini zana hupimwa siku muda unapokuwa haupo, na kwa kipimo hicho sijui tovuti ya Kenya inayofaa kufunguliwa na kuchunguzwa ndani kuliko Ushahidi ya Januari 2008.

Matokeo ya uchaguzi wa rais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, ghasia zikazuka, na siku hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tarehe 3 Januari Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika blogu ya Kenyan Pundit, aliuliza hadharani kama kuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kuonyesha juu ya Google Maps mahali ghasia zilipokuwa zikitokea. Erik Hersman alikuwa Florida. David Kobia, aliyekuwa tayari anaendesha jukwaa la Wakenya liitwalo Mashada, alikuwa Alabama. Juliana Rotich na Daudi Were wakajiunga nao. Kobia ndiye aliyeketi akaandika msimbo, na kufikia tarehe 9 tovuti ya Ushahidi ilikuwa hewani.

Kasi hiyo ilitokana na kazi iliyokwisha kufanywa na wengine. Mwaka 2005 huko Marekani, Paul Rademacher alichukua matangazo ya nyumba kutoka Craigslist akayapachika juu ya ramani ya Google, bila kungoja idhini ya yeyote. Muda si mrefu Google ikafungua mlango rasmi wa kuingizia vitone vya watu wengine kwenye ramani yake. Hivyo mwaka 2008 mtu mwenye JavaScript kiasi hakulazimika kuchora ramani. Alihitaji kujua kitone kiwekwe wapi.

Na hapo ndipo penye kazi. Andika "Manga" kwenye kisanduku cha kutafutia, nawe utaletewa vibonzo vya Kijapani, kisha mji wa Burkina Faso, na kwa bahati nzuri baadaye ule mlima wenye genge unaouangalia mji wa Kisii kutoka kaskazini. Kwa mtu wa Kitutu Masaba jina linatosha, kwa mashine halitoshi. Ukishuka vijijini mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu jina moja hubebwa na shule, soko na kituo cha kununulia majani chai, na vitatu hivyo huenda visiwe pamoja. Fomu ya Ushahidi ililikwepa tatizo hilo kwa kumruhusu mtu abonyeze mahali kwenye ramani, kisha mfumo ukahifadhi namba mbili. Manga ikawa latitudo isiyofika digrii moja kusini mwa ikweta na longitudo inayokaribia 34.8 mashariki. Jina lilibaki kama maandishi ya kumsaidia msomaji tu.

Naiona fomu hiyo kuwa kazi bora kuliko ramani yenyewe. Kichwa cha tukio, maelezo, tarehe na saa, aina ya tukio, mahali, kiungo cha habari kama kipo, picha kama ipo. Jina la mtoa habari lilikuwa hiari. Miongoni mwa aina za matukio, kando ya ghasia, vifo na uporaji, paliwekwa pia juhudi za amani. Atakayedhani hilo ni pambo hajawahi kukaa karibu na mpaka. Watu wa Nyamira wanakumbuka mpaka wa Borabu na Sotik ulivyowaka mapema mwaka 2008. Mahali kama hapo uvumi wa kijiji kuchomwa unaweza kuchoma kijiji kingine.

Ndiyo maana muundo wa hifadhidata unastahili kutazamwa kwa makini. Katika programu iliyokuja kutolewa kwa umma, kila ripoti ilikuwa na safu mbili tofauti. Moja ilisema kama ripoti imeruhusiwa kuonekana, nyingine ilisema kama imethibitishwa. Tovuti nyingi huviunganisha viwili hivyo, yaani ripoti ikishaonekana huhesabiwa kuwa kweli. Kuvitenganisha kuliwapa wahariri nafasi ya kuonyesha habari huku wakisema wazi kwamba bado inafuatiliwa. Ni safu moja ya ziada kwenye jedwali la MySQL, haigharimu chochote, na hakuna zana ya usanifu inayoweza kukukumbusha uiweke.

Mlango wa pili wa habari ulikuwa ujumbe mfupi wa simu, kupitia namba 6007. Katika Kenya ya wakati huo simu ya kitufe ilikuwa mfukoni kwa watu wengi zaidi kuliko wenye intaneti. Herufi 160 hazibebi latitudo wala kategoria, kwa hiyo kila meseji ilihitaji mtu wa kuisoma, kuipatia mahali na kuipanga. Baadaye kazi ya kupokea meseji iliunganishwa na FrontlineSMS, programu ya Ken Banks iliyotoka mwaka 2005, ambayo ilitumia kompyuta ndogo na modemu au simu iliyounganishwa kwa waya. Meseji ilipoingia, FrontlineSMS iliita anwani ya tovuti na kubandika humo namba ya mtumaji na maneno yake. Ni mbinu ya kizamani, na mpaka leo naipenda kuliko huduma nyingi za kulipia, kwa sababu ilipokwama uliweza kuona ilipokwama.

Toleo la Januari halikukusudiwa kusafiri. Baada ya kushinda dola 25,000 kwenye shindano la NetSquared mwezi Mei 2008, kikundi kiliandika upya programu nzima kwa PHP, juu ya kiunzi cha Kohana kilichochipuka kutoka CodeIgniter mwaka 2007. Wajuzi waliikejeli PHP wakati huo na wanaikejeli sasa. Lakini karibu kila seva ya bei nafuu duniani huikubali, na mtu wa kujitolea asiyemjua Kobia angeweza kuipakia jioni moja. Kabla mwaka haujaisha programu ilikuwa ikitumika kufuatilia vita vya mashariki mwa Kongo, na Januari 2009 Al Jazeera ikaitumia kwa Gaza. Kwa upande wa ramani walichukua OpenLayers, ambayo humruhusu mwenye tovuti kubadilisha picha ya chini: Google leo, OpenStreetMap kesho. Uamuzi huo ulilipa Januari 2010, Haiti ilipotikiswa na tetemeko na watu wa OpenStreetMap wakaichora Port-au-Prince upya kwa siku chache.

Sura ya tovuti sikuipenda sana. Ukurasa wa mbele ulitawaliwa na ramani yenye miduara myekundu, ikivimba kadiri ripoti zilivyorundikana, na chini yake mstari wa wakati. Kwa mfadhili aliyeketi Washington picha hiyo ilieleza kila kitu mara moja. Mtu wa Keroka anayetaka kujua kama barabara ya kwenda Sotik inapitika alihitaji sentensi tatu na saa zilipoandikwa.

Tuseme leo unajenga tovuti ya kuripoti barabara za murram zinazokatika mvua ikinyesha kwenye miteremko ya Manga. Ningechukua Leaflet, maktaba ya ramani iliyotolewa na Volodymyr Agafonkin mwaka 2011 na ambayo ikibanwa ina uzito wa takriban kilobaiti 42, pamoja na OpenStreetMap chini yake. Kwa meseji ningefuata mfano wa SMSSync, iliyoandikwa na Henry Addo wa kikundi hichohicho cha Ushahidi, ambayo iliigeuza simu ya Android kuwa mlango wa kupokelea. Safu mbili za kuonekana na kuthibitishwa ningezinakili zilivyo. Ukurasa wa mbele ungekuwa orodha ya maandishi, mpya juu, kila moja na saa yake. Kilobaiti 42 za Leaflet si mzigo, ila vipande vya picha vinavyoifuata kila unapoivuta ramani ndivyo vinavyokula data, kwa hiyo ramani ingepakiwa pale tu mtu anapoibonyeza.