Cheche Kwenye Chogo

Televisheni ya chogo ikianza kulia "tss, tss" na kutoa harufu kali ya ozoni, mafundi wengi hukimbilia kubadili flaibaki, ile transfoma inayozalisha volti kubwa. Moja ya inchi 21 niliyoitengeneza ilikuwa ikitoa cheche ikiwashwa asubuhi baada ya usiku wa mvua, kisha ikishapata joto inatulia. Dalili hiyo ilielekeza kwenye unyevu kwanza.

Kioo cha rangi cha ukubwa huo hufanya kazi kwa takribani volti 25,000. Hewa kavu huhimili kama volti 3,000 kwa milimita, kwa hiyo nafasi safi kukizunguka kikombe cha mpira cha waya wa anodi inatosha kabisa. Lakini volti hiyohiyo huvuta vumbi miaka nenda miaka rudi. Vumbi likinywa unyevu, na pwani likichanganyika na chumvi, umeme hupata njia ya kutambaa hadi kwenye rangi nyeusi ya grafiti nje ya kioo.

Taa zilizimwa, televisheni ikawashwa ikiwa haina mfuniko. Mwanga wa samawati ulionekana ukingoni mwa kikombe. Flaibaki yenyewe ilikuwa giza tupu, haina ufa. Plagi ikachomolewa. Bisibisi ilifungwa waya kwenye msuko mtupu unaokumbatia chogo (kwenye msuko, si popote kwenye bodi, la sivyo utaunguza aisii), ndipo ikapenyezwa chini ya kikombe. Baada ya dakika chache ikarudiwa, maana kioo hujirudishia chaji kidogo.

Kioo na kikombe vilisafishwa kwa spiriti, vikaachwa vikauke kabisa, kisha ikapakwa grisi ya silikoni. Ile silikoni ya madirishani yenye harufu ya siki haifai: asidi yake hula chuma.

Wengi huishia hapo. Mimi sikubali kazi bila kupima volti inayolisha flaibaki na kapasita iliyo kando ya transista inayoiendesha. Kapasita hiyo ikipungua uwezo, volti ya anodi hupanda, na cheche zitarudi hata usafishe vipi. Hapa vyote vilikuwa sawa. Kilichokuwa kimelegea ni springi ya ule msuko, nayo ikakazwa kabla ya mfuniko kurudishwa.