"Kupasha Moto" au "Kuandaa Halijoto"?
Motokaa ya umeme huweza kuamriwa tangu usiku ijiweke tayari kabla ya saa ya kuondoka: chumba cha abiria kiwe na hewa ya kufaa, na betri iwe na joto linalotakiwa. Kwa tendo hilo tumepima tafsiri mbili, wala haturidhiki na yoyote.

"Kuweka hali ya awali" ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Hali ya awali ni ile iliyokuwapo mwanzo. Motokaa hairudishwi huko, bali yaondolewa huko.

Afadhali "kupasha moto". Huko Norwei, ambako mwaka 2024 zaidi ya motokaa mpya 8 katika kila 10 zilikuwa za umeme, yafaa sana. Betri ya lithiamu ikichajiwa upesi ingali chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, lithiamu huweza kutanda juu ya elektrodi yake hasi na kuipunguzia uwezo. Lakini mwenye motokaa Dar es Salaam mwezi wa Februari ahitaji kupoza. Akiambiwa apashe moto, hatakigusa kitufe hicho. Atapoza chumba njiani kwa umeme wa betri, ilhali angaliweza kutumia ule wa nyumbani kabla ya kuchomoa waya.

Twapendekeza "kuandaa halijoto", na "kuandaa halijoto kwa ratiba" pale saa inapopangwa mapema. Kitenzi hiki hakichagui kati ya joto na baridi. Watakaolalamika kwamba "halijoto" nayo ina joto ndani yake wakumbuke kuwa hata jokofu hupimwa halijoto, wala hakuna anayeshangaa.