Sanamu na Mbele ya Sanamu

Katika Kiswahili chetu, Mungu akiwa mmoja hupewa viambishi vya mtu: anapenda, anahukumu. Ikizidi mmoja twaandika "miungu mingi", kama miti mingi na mikeka mingi. Mkristo na Mwislamu wana haki ya imani yao. Lakini usemi huu, ukitumiwa juu ya Wahindu, huwahukumu kabla hawajasikilizwa.

Chukua neno sanamu. Mwalimu husema darasani, "Wahindu huabudu sanamu," na wanafunzi huandika. Sasa mtazame Ganesha, mwana wa Shiva na Parvati, mwenye kichwa cha tembo. Katika sikukuu yake sanamu ya udongo huombewa ili mungu akae ndani yake, huheshimiwa kwa siku zilizowekwa, kisha hutoswa majini iyeyuke. Nani angeyeyusha kitu anachodhani ndicho Mungu wake? Tena si Wahindu wote waikubalio sanamu. Arya Samaj, iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati mwaka 1875 na kufika Nairobi mwaka 1903, huikataa kabisa. Mabishano hayo makubwa sisi tumeyafunika kwa sentensi moja.

Wapo wapole wasemao kwamba miungu ile yote ni majina tu ya Mmoja. Ni kweli wako Wahindu wafundishao hivyo. Hata hivyo, mama awashaye taa usiku wa Diwali kumkaribisha Lakshmi, mungu wa kike wa neema, hakaribishi jina tupu. Upole huo nao haumsikilizi.

Hapa Ufipa tungepaswa kuelewa upesi. Roy Willis, katika kitabu chake Man and Beast cha mwaka 1974, alieleza jinsi Wafipa walivyomheshimu chatu, aliyehusishwa na mizimu ya nchi. Mpita njia angetuita waabudu nyoka, akaenda zake.

Methali yasema Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Miaka mingi tumeijua bei ya kiatu, bali picha iliyo juu ya rafu ya duka, yenye ua na ubani, hatukuuliza ni ya nani.

Ushauri wangu kwa walimu ni mdogo: semeni Wahindu wengi huabudu mbele ya sanamu. Maneno machache yakiongezwa, mtoto atauliza ni nani basi anayeabudiwa, na somo litaanza.